Nyani Ana Jina, Mkulima Hana

Liko neno linalosemwa mara kwa mara na watu wazima wenye akili zao timamu, kwamba kuchambua filamu na vipindi vya televisheni ni kazi ya watu wasio na kazi. Kijana akisema anasomea udaktari hupongezwa. Akisema anasomea kilimo huombewa baraka. Lakini akisema anasomea jinsi watu wanavyoonyeshwa katika sinema, na jinsi mtu wa kawaida anavyogeuzwa kuwa nyota, hutazamwa kwa huruma, kana kwamba wazazi wake wamepoteza ng'ombe bure kwa kulipa ada. Makala hii naiandika kulipinga neno hilo. Nalipinga kutoka mkoa wa Mara, kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine ambapo hasara ya kutojifunza jambo hili inaonekana wazi kama hapa.

Tuanze na mfano ulio karibu. Mwaka 2019 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilirusha mfululizo wa vipindi ulioitwa Serengeti. Picha zake zilipigwa katika eneo la Grumeti, upande wa magharibi wa mbuga, yaani huku huku kwetu, ambako mtu wa Bunda akisema "porini" hana haja ya kueleza zaidi. Waandaaji hawakutaka wanyama wawe wanyama tu. Waliwapa majina, tabia, mapenzi, wivu na misiba. Simba jike aliitwa Kali. Nyani dume aliitwa Bakari, naye akasimuliwa kama mwanamume aliyenyang'anywa mchumba na mwenye nguvu kumzidi. Watazamaji wa Ulaya na Marekani walimhurumia Bakari, wakasubiri kipindi kijacho kujua kama atampata tena mpenzi wake.

Ndugu msomaji, Bakari ni jina la mtu. Ni jina lililotokana na Sahaba Abubakari, khalifa wa kwanza, na wapo akina Bakari tele kuanzia Tanga hadi Musoma ambao ni waalimu, madereva, wavuvi na mashehe. Sisemi kwamba kumpa mnyama jina ni dhambi. Bibi zetu walimpa sungura ujanja na fisi ulafi, nasi tukacheka karibu na moto. Lakini katika hadithi ya bibi kila mtoto alijua kuwa anayesemwa ni binadamu, na kwamba msimulizi ni mmoja wetu ambaye kesho tutakutana naye kisimani. Katika hadithi ya Grumeti mambo yamegeuzwa. Nyani amepata jina, moyo na historia, na binadamu wa pale si mhusika hata kidogo. Hapana Mwikizu anayelima mtama, wala Mnata au Mwikoma ambaye babu yake aliijua nyika ile kwa majina ya vilima na visima. Ardhi inaonyeshwa kana kwamba tangu kuumbwa kwa dunia haijakanyagwa na unyayo wa mtu.

Baadhi ya wasomaji watasema: hayo ni mambo ya majina tu, yana madhara gani? Nawajibu kwa kuwapeleka Kunzugu na Hunyari, wilayani Bunda, wakati mahindi yanapokaribia kukomaa. Huko mkulima hulala shambani akiwa na tochi na debe, akisubiri tembo. Tembo wakija, msimu mzima wa jasho humalizika kabla jogoo hajawika. Tembo huyo akiwa ndani ya kioo ana jina, ana mama, ana huzuni ya kufiwa. Mkulima yeye hana jina, kwa sababu hakuwahi kuingia ndani ya kioo. Sasa mtu aliyeko ng'ambo, mwenye moyo mwema na fedha za kuchangia, atamhurumia nani? Atamhurumia yule anayemjua. Huruma, kama maji, hufuata mfereji uliochimbwa, na wachimbaji wa mfereji huu ni wenye kamera.

Tena jambo hili si la mashamba peke yake. Serikali ilikuwa na mpango wa kuwahamisha wakazi wa kata ya Nyatwali, Bunda, ili hifadhi ifike hadi Ghuba ya Speke na wanyama wapate njia ya kufika ziwani. Inawezekana ziko hoja nzuri za kitaalamu juu ya maji na ukame. Sikusudii kuzijadili hapa. Ninachosema ni kwamba hoja ya kuwahamisha watu huwa nyepesi sana masikioni mwa dunia iliyokwisha kuzoeshwa, kwa miaka mingi, kuiona ardhi hiyo bila watu. Ukimwona mtu mahali ambapo picha imekufundisha kuwa hapana watu, unamwona kama mvamizi, hata kama kaburi la babu yake lipo pale pale.

Na mazoea hayo ni ya zamani. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa filamu iliyotangaza kwamba Serengeti haipaswi kufa. Mwanawe Michael, aliyefanya naye kazi hiyo, alikufa Januari mwaka huo huo baada ya ndege yao ndogo iliyopakwa milia ya punda milia kugongana na tai. Mwaka 1960 filamu ile ilipata tuzo ya Oscar. Sina haja ya kudharau msiba wa baba aliyezika mwanawe kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, wala kukana kwamba walihesabu wanyama kwa bidii. Lakini tuangalie na tarehe. Mwaka ule ule wa 1959 ndio mipaka ya hifadhi ilipopangwa upya, na Wamasai wakatakiwa kuondoka Serengeti na kuhamia upande wa Ngorongoro. Upande wetu wa magharibi, mwindaji wa Kiikoma aliyekuwa akitafuta kitoweo kwa mshale alipewa jina moja, nalo ni jangili. Kwa hiyo filamu ile iliwapa umaarufu watu wawili na ndege yao, ikawapa wanyama huruma ya dunia, na wenyeji ikawaachia jina la mkosaji. Mgawanyo huo wa majukumu haujabadilika sana kwa miaka 60.

Hapa ndipo inapoingia habari ya nyota. Mfululizo ule wa 2019 ulisimuliwa Uingereza na John Boyega, kijana mwenye asili ya Nigeria aliyejulikana kwa filamu za Star Wars. Toleo la Marekani lilisimuliwa na Lupita Nyong'o, mshindi wa Oscar ya mwaka 2014, binti wa Kijaluo kutoka Kenya, na kwa hiyo ndugu wa Wajaluo wetu wa Rorya. Wako waliofurahi wakisema: mnalalamika nini, sauti si ya Mwafrika? Mimi nasema hapo ndipo tunapohitaji elimu zaidi, wala si pungufu. Nyota huazimisha uso wake na sauti yake kwa kitu ambacho hakukitunga. Ngozi ya msimulizi ikishafanana na yetu, hatuulizi tena nani aliandika maneno anayoyasoma. Simlaumu Lupita, mwigizaji hufanya kazi anayopewa na huifanya vizuri. Nailaumu furaha yetu ya haraka, inayotosheka na sauti bila kuuliza habari ya kalamu.

Si kwamba mtu wa Mara haonekani kabisa katika vioo. Anaonekana, ila ana milango miwili tu ya kuingilia. Mlango wa kwanza ni wa kichekesho. Katika michezo yetu ya kuchekesha, ya redioni na ya televisheni, Mkurya ni mlinzi wa getini au askari, mwenye sauti nzito, anayechanganya herufi, asiyejua mzaha, na ambaye hasira yake haiko mbali na panga lake. Watu hucheka, nasi wa Mara hucheka pamoja nao. Kucheka si kosa. Lakini niliwahi kuwauliza vijana wa kidato cha tatu waniambie ni sifa gani ya watu wa mkoa wao waliyoiona katika televisheni, na majibu yao yote yalikuwa juu ya ugomvi na kupiga wake. Nilipowauliza kama baba zao wako hivyo, wengi walikataa. Walikuwa na baba halisi nyumbani na baba wa kioo, na walipoulizwa juu ya mkoa wao walimtaja yule wa kioo.

Mlango wa pili ni wa msiba. Mwaka 2018 ilitoka filamu ya kumbukumbu ya Giselle Portenier wa Kanada, juu ya wasichana wa wilaya ya Serengeti wanaokimbia nyumbani msimu wa ukeketaji ili wasikatwe. Lazima niseme bila kuuma maneno: ukeketaji ni ukatili, sheria ya mwaka 1998 inaukataza kwa wasichana walio chini ya miaka 18, na anayeutetea kwa jina la mila hana mshirika katika ukurasa huu. Tena filamu hii ina jambo ambalo vipindi vya Grumeti havina. Mtu anayewapigania wale wasichana katika filamu ni mwanamke wa huko huko, Rhobi Samwelly, ambaye naye alikeketwa utotoni, aliyeanzisha nyumba salama Mugumu. Ana jina, anasema, anabishana na wazee, anapanda gari usiku kwenda kuokoa mtoto. Haokolewi na mgeni. Yeye ndiye mwokozi. Huo ni ushahidi kwamba hata kamera ya kutoka mbali inaweza kutenda haki ikiamua. Hata hivyo yapo maswali ya kuuliza, na mojawapo ni hili: msichana ambaye uso wake umezunguka duniani akiwa mtoto, atakapokuwa mama wa watu, uso ule utakuwa mali ya nani? Swali kama hilo haliulizwi na mtu asiyejifunza kuuliza.

Kuna watakaonijibu kwamba dawa ni kutengeneza filamu zetu wenyewe, basi. Nakubali nusu. Tumezitengeneza. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968. Baadaye, mikanda ya video ilipoenea na televisheni za watu binafsi zilipoanza Bara mwaka 1994, tukapata michezo yetu, na kuanzia miaka ya 2000 likatokea wimbi la filamu za Kiswahili zilizouzwa mpaka mabandani Musoma na Bunda. Tukapata nyota. Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984, alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 maelfu ya watu walifurika Dar es Salaam kumzika, na mpaka huku ziwani akina mama walilia kama waliofiwa na mtoto wa tumbo lao. Kilio kile hakikuwa upuuzi. Kwa mara ya kwanza watu wa Kanda ya Ziwa walikuwa na kijana wao ambaye uso wake ulijulikana hata nje ya nchi.

Lakini hebu tuzitazame filamu zenyewe. Nyingi zilifanyika sebuleni, kwenye makochi makubwa, katika nyumba ya tajiri wa Dar es Salaam. Kijiji kilitokea pale mganga alipohitajika, au pale msichana mshamba alipoletwa mjini kuwa mtumishi wa ndani. Na nyota wenyewe? Wengi waliuza haki za kazi zao kwa wasambazaji kwa malipo ya mara moja, wakabaki na umaarufu bila urithi. Hapo zamani katika vibanda vya video shujaa alikuwa Rambo, na jina lake likaishia kuwa jina la mfuko wa plastiki wa kubebea nyanya sokoni, mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku mwaka 2019. Nyota wetu nao tuliwatumia hivyo hivyo. Kwa hiyo kutengeneza filamu zetu hakutoshi. Mtu asiyejua kusoma picha, hata ukimpa kamera, atapiga picha ile ile aliyopigwa.

Nije Butiama. Mtu aliyezaliwa pale mwaka 1922, na kuzikwa pale Oktoba 1999, ni Mtanzania aliyejulikana kuliko wote. Sasa mtazame jirani yake na adui yake, Idi Amin. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alimfanyia Amin filamu nzima akijieleza mwenyewe. Mwaka 1981 ikatoka filamu ya kuinuka na kuanguka kwake. Mwaka 2006 ikatoka nyingine, na Forest Whitaker aliyemwigiza akapata Oscar mwaka uliofuata. Nduli huyo amekuwa nyota mara tatu, bila kuhesabu zile za uvamizi wa Entebbe. Nyerere, ambaye nchi yake ilimwondoa nduli huyo mwaka 1979 kwa damu ya vijana wake, wengi wao wakiwa watoto wa Mara waliokuwa jeshini, hana filamu ya kuigiza iliyoenea duniani kama hizo. Kwa nini? Kwa sababu kamera ya dunia inampenda Mwafrika anayetisha au Mwafrika anayeteswa. Mwafrika anayefikiri, anayevuta kiti na kubishana juu ya bei ya pamba na maana ya usawa, haionekani kama anaweza kuuza tiketi. Hiyo ndiyo sheria ya soko la nyota, na mtoto wa shule ya Mwisenge, ambayo Mwalimu aliingia mwaka 1934, ana haki ya kuifahamu.

Tena Mwalimu mwenyewe alilijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na ile ya pili, iliyotoka mwaka 1969, haikuitwa Mfanyabiashara wa Venisi. Aliiita Mabepari wa Venisi. Kwa neno moja aliondoa macho ya msomaji kwa mtu mmoja na kuyaelekeza kwa tabaka zima. Mtu anaweza kubishana naye kama alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lakini hawezi kukana kwamba alielewa nguvu ya anayechagua jinsi mtu atakavyoitwa jukwaani. Hiyo ndiyo elimu ninayoidai, na ilikwisha kufanyiwa kazi na mwana wa Butiama.

Tufanyeje basi? Sidai majengo mapya wala wataalamu wa kutoka nje. Zana tunazo tayari. Kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa uhakiki wa fasihi: nani mhusika mkuu, nani mhusika mdogo, mandhari ni yapi, msimulizi ni nani, dhamira ni ipi. Hutumia zana hizo kwenye riwaya na tamthilia zilizoteuliwa, akafaulu mtihani, kisha jioni akaketi mbele ya televisheni au simu na kuziacha zana zake shuleni, kama jembe lililotundikwa mvua inanyesha. Napendekeza mwalimu wa Kiswahili wa Musoma, Bunda na Butiama achukue filamu moja tu kila muhula na kuwauliza wanafunzi maswali manne. Nani ana jina na nani hana? Nani anasema na nani anasemewa? Nani ameshika kamera? Na picha ikishauzwa, nani anabaki na nini? Mtoto akiyajibu maswali hayo juu ya vipindi vya Grumeti, juu ya mlinzi wa getini katika kichekesho, na juu ya nyota anayempenda, atakuwa amejifunza siasa, uchumi na historia kwa pamoja, wala hatasinzia.

Wako watakaosema tuna shida kubwa zaidi: madawati, maji, dawa. Ni kweli tunazo. Lakini wakati wa kugawa madawati, maji na dawa, anayefikiriwa kwanza ni yule anayeonekana. Wengine watasema uchambuzi utaua furaha ya kutazama. Sijawahi kuona mtu aliyeacha kufurahia mpira kwa sababu amejua sheria ya kuotea. Anachoacha ni kudanganywa na mwamuzi. Na wako wanaodhani hasira inatosha. Mwaka 2006 tuliona hasira hiyo, pale filamu ya Hubert Sauper juu ya sangara wa Mwanza iliposhutumiwa na Rais Kikwete na watu wakaandamana barabarani. Filamu ile ilikuwa imetoka mwaka 2004. Yapo mengi ya kuipinga, lakini maandamano si uhakiki. Baada ya kelele kwisha, ni shule ngapi ziliichukua na kuionyesha kipande kwa kipande, zikisema hapa ni kweli, hapa pamekatwa, hapa mvuvi alikuwa na la kusema wala hakuulizwa?

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji wa Musoma ikatoa azimio juu ya elimu, na jambo mojawapo lilikuwa kwamba kila mtoto wa nchi hii apate elimu ya msingi mapema kuliko ilivyokuwa imepangwa. Watu walicheka wakati ule pia. Walisema walimu hawatoshi, na ni kweli hawakutosha. Hata hivyo mamilioni walijifunza kusoma, kwa sababu viongozi walielewa kwamba asiyejua kusoma atasomewa, na anayemsomea ndiye atakayechagua cha kuruka. Leo maandishi yanayosomwa zaidi na watoto wetu yana mwanga, sauti na nyuso nzuri, nayo yamo mikononi mwao tangu asubuhi hadi usiku. Hatuna budi kuwafundisha kuyasoma hayo nayo. La sivyo wataendelea kumhurumia Bakari aliyeko porini, na yule Bakari mwingine, anayekesha na debe lake kando ya shamba la mahindi, hata wao hawatamjua.